Mama Mkalimani Anajibu: Barua Imesema Hatustahiki

Tangu kimbunga Helene kitue Florida tarehe 26 Septemba, na Milton kufuata tarehe 9 Oktoba, barua zenu zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Mwezi huu wa Novemba 2024 mhariri ameniongezea ukurasa, na bado imenibidi kuunganisha maswali yanayofanana.

Kwa wasomaji wapya: naishi kusini-magharibi mwa Houston. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilinikuta ghorofa ya chini, jirani na mto wa Brays Bayou, nikiwa na wanangu watatu. Maji yalipanda mpaka droo ya pili ya jikoni. Tulilala siku tano katika ukumbi wa George R. Brown, sisi na watu wapatao elfu kumi. Mle ndani, kwa kuwa nilijua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, nilianza kuwatafsiria watu fomu. Sijaacha tangu hapo. Ninayowajibu nimeyaona mezani, mtu akiwa ameketi mbele yangu na karatasi zilizolowa.

*Shikamoo Mama. Tunaishi Clearwater, familia mbili nyumba moja: mimi na mume wangu na watoto wanne, pamoja na shemeji na mkewe. Maji ya Milton yaliingia mpaka magotini. Shemeji aliomba msaada wa serikali kwa simu yake, mume wangu naye akaomba. Shemeji amepata hela. Sisi tumeletewa barua inayosema hatustahiki. Mume wangu anasema basi, tusiwe watu wa kuombaomba. Mimi moyo haukubali.*
*Mama wa watoto wanne, Florida*

Marahaba mwanangu. Moyo wako umeona sawa, na mwambie baba watoto, kwa heshima, kwamba kukata rufaa si kuombaomba. Ni hatua iliyowekwa na sheria ileile iliyoweka msaada wenyewe.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani najua kilichotokea. FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, hulipa kaya moja mara moja. Maombi mawili yakitoka kwenye anwani moja, wanachoona wao ni kaya moja inayoomba mara mbili. Hawajui kwamba shemeji ana chumba chake, sufuria zake na mshahara wake. Sisi kuishi wawili wawili katika nyumba moja ni jambo la kawaida kabisa, ndiyo maana nimeona barua hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ni kazi yenu kuwaeleza kwamba chini ya paa lile kuna kaya mbili.

Tazameni tarehe iliyochapwa juu ya barua. Mna siku 60 kuanzia tarehe hiyo, si kuanzia siku mliyoifungua. Andikeni maelezo mafupi: nani analala chumba kipi, tangu lini, nani analipa kodi kiasi gani. Ambatisheni mkataba wa kupanga wenye majina ya kaya zote mbili. Kama jina lenu halimo, ombeni barua ya mwenye nyumba. Hana muda? Barua ya shule ya watoto inayoonyesha anwani yenu inakubalika, na vilevile barua ya shirika la huduma za jamii, usajili wa gari au hati ya mshahara. Mlango huo ulipanuliwa mwaka 2021, baada ya watu wengi, hasa Puerto Rico, kunyimwa msaada kwa kukosa hati za umiliki ilhali wamezaliwa na kuzeekea katika nyumba hizo. Kila ukurasa mtakaotuma uandikwe namba ya maombi yenu na namba ya tamko la maafa. Zote mbili zimo kwenye barua. Karatasi isiyo na namba hupotea.

Maombi yangu ya mwaka 2017 nayo yalirudi. Nilikuwa nimeandika jina la mtaa na namba ya jengo, nikasahau namba ya mlango. Jengo lilikuwa na milango 24. Nililia usiku mzima kwa ajili ya tarakimu tatu. Nilipozituma, jibu likabadilika. Kwa hiyo, mwanangu, neno "hatustahiki" katika barua ya kwanza mara nyingi maana yake ni kwamba kuna karatasi imepungua. Saini, kitambulisho, au jibu la kampuni ya bima. Kama mna bima yoyote, watataka kwanza kuona imelipa nini au imekataa nini, kwa sababu serikali hairuhusiwi kulipa hasara ambayo bima imekwisha kuilipa.

FEMA ikiwatumia mkaguzi wa kuangalia uharibifu, mkaguzi wa kweli huja akiwa tayari na namba yenu ya maombi ya tarakimu tisa, na hatozi hata senti. Anayeomba namba hiyo mlangoni, au anayetaka hela ya mafuta, msimfungulie.

Na jambo moja naliomba kwenu wote. Msiwatumie watoto kutafsiri. Pale ukumbini nilimwona binti wa miaka kumi akimtafsiria baba yake maswali ya mshahara na madeni, uso umemkunjamana kama wa mtu mzima. Pigeni 1-800-621-3362, chagueni 3 kwa lugha nyingine, mseme tu "Swahili", kisha msubiri. Kusubiri kunachosha, lakini mkalimani ni wa bure.

*Mama, hujambo? Niko karibu na Asheville, North Carolina. Baada ya Helene nimetumiwa dola 750. Watu kanisani wanasema ni mkopo, na kwamba ukishindwa kulipa serikali inachukua kiwanja chako. Sijazigusa. Maji ya bomba hayanyweki, nanunua ya chupa kwa deni.*
*Kijana fundi, North Carolina*

Zitumie leo, kijana wangu. Nunua maji.

Hizo dola 750 si mkopo. Ni fedha ya mahitaji ya dharura ambayo FEMA hutoa mwanzoni kabisa, kwa chakula, maji, maziwa ya mtoto, dawa na mafuta ya gari. Ilianzishwa kwa mabadiliko ya kanuni ya Machi 2024, na kwa maafa yaliyotangazwa kuanzia Oktoba 2024 ilipanda kuwa 770. Uvumi huo wa kunyang'anywa kiwanja umewaumiza watu wa milima ile kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu waliouamini hawakuomba chochote.

Wala 750 si mwisho wa safari. Kuna msaada wa kukarabati nyumba, wa kodi ya mahali pa kukaa kwa muda, wa vyombo, wa zana za kazi kama wewe ni fundi. Kwa Helene kikomo ni dola 42,500 upande wa nyumba, na kiasi hichohicho upande wa mahitaji mengine. Hicho ni kikomo tu, usikipigie hesabu kama ahadi. Wanaofika juu ni wachache.

Kinachoweza kudaiwa ni hiki: ukilipwa na bima kisha ukalipwa na serikali kwa hasara ileile, moja utairudisha. Na hela iliyoandikiwa kazi maalumu ifanye kazi hiyo. Kule Louisiana, baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, wenye nyumba walipewa dola 30,000 za kuinua nyumba juu ya kiwango cha mafuriko. Wengi walizitumia kukarabati kuta, kwa kuwa fedha za ukarabati hazikutosha, na wapo walioeleza kwamba waliambiwa na maofisa inaruhusiwa. Jimbo likafungua kesi dhidi ya familia kama 3,500, na kesi hizo hazikufutwa mpaka Februari 2023. Miaka 17 na zaidi baada ya kimbunga. Weka risiti zako kwenye bahasha, fundi. Hata ya maji.

*Mimi na mume wangu hatuna hati. Mtoto wetu alizaliwa hapa. Tukiomba tutajiponza?*
*Naomba usiweke mji wangu*

Sijauweka, dada.

Mtoto aliye chini ya miaka 18, raia, mwenye namba ya Social Security, na aliyekuwa akiishi nanyi siku ya kimbunga, anaweza kuombewa msaada kwa jina lake. Mzazi anayejaza fomu haulizwi hati zake mwenyewe ili mtoto astahiki. Makazi ya dharura, chakula, maji na ushauri wa kisaikolojia ni kwa kila mtu bila kuulizwa uraia. Hata hivyo fomu ni ya serikali na ina saini, kwa hiyo kabla ya kuijaza zungumza na mwanasheria. Baada ya maafa makubwa huwa kuna mawakili wa bure kwa wenye kipato kidogo. Namba yao utaipata kwa kupiga ile ya FEMA, bila kutaja jina lako.

Nanyi wenye hadhi ya ukimbizi, mliopewa hifadhi, na wenye kadi ya kijani: mnastahiki kama raia. Nasema hivi kwa sababu wiki iliyopita mzee mmoja aliniambia hakuomba chochote baada ya kimbunga Beryl, kilichopiga Houston Julai 2024, akidhani mkimbizi haruhusiwi. Miaka tisa ana kadi ya kijani mfukoni.

*Mama, za kazi? Mimi ni kijana, napanga Houston, ghorofa ya chini, mbali na mto wowote. Rafiki yangu ananisukuma ninunue bima ya mafuriko. Jengo si langu, mwenye nyumba ana bima yake, mimi nilipie nini? Halafu swali la pili: kimbunga kikiharibu nyumba, nalazimika kuendelea kulipa kodi?*
*Mpangaji, Houston*

Nzuri, mwanangu. Rafiki huyo usimwache.

Bima ya mwenye nyumba inalinda kuta zake. Kitanda chako, kompyuta, nguo za kazi na viatu havimo. Na ile bima ya mpangaji ya kawaida, ambayo pengine mkataba wako umekulazimisha kuwa nayo, inalipa wizi na moto lakini kwa kawaida hailipi mafuriko. Soma ukurasa wenye orodha ya visivyolipwa. Bima ya mafuriko ni kitu cha peke yake. Wengi huinunua kwa mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, unaoitwa NFIP, kupitia wakala wa bima. Mpangaji anaweza kukatia mali yake ya ndani mpaka dola 100,000. Mwenye nyumba anakatia jengo mpaka 250,000.

Sasa neno "mbali na mto". Mwaka 2017 mimi nilikuwa karibu na mto na nilijua. Lakini mamlaka ya mafuriko ya Harris County ilipohesabu nyumba zilizoingia maji ya Harvey, asilimia 68 zilikuwa nje ya mstari wa ramani, ule unaoitwa mafuriko ya miaka mia. Jina hilo limewadanganya watu. Halimaanishi mafuriko yanakuja mara moja kila karne. Maana yake ni uwezekano wa asilimia moja kila mwaka, na asilimia moja ikirudiwa miaka 30 inakuwa kama nafasi moja kati ya nne. Tena Houston mvua haishukii mchanga, inashukia lami na zege. Maji yanatafuta mlango, wako au wa jirani.

Ninalotaka uondoke nalo ni siku 30. Bima hii ikinunuliwa leo, kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Siku utakayoona kimbunga kimezunguka kwenye ramani ya televisheni, umekwisha kuchelewa. Msimu wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni, kwa hiyo mwezi wa kununua ni Aprili. Kila Juni napokea barua za watu wenye nia njema na siku 30 hawana. Nawaomba mniandikie Aprili.

Tena ujue hili: kama nyumba yako iko ndani ya eneo la hatari kubwa la mafuriko na ukapokea msaada wa FEMA kwa vitu vilivyoharibiwa na mafuriko, unawajibika kuwa na bima hiyo muda wote utakaoishi hapo. Ukiiacha ikafa na maji yakarudi, safari ya pili vitu vya aina hiyo hawakulipii. Nimewaona walioanguka hapo, na hakuna rufaa niliyoweza kuwaandikia.

Swali lako la kodi: sheria ya Texas inasema nyumba ikiwa haikaliki kabisa, na uharibifu si kosa lako, wewe au mwenye nyumba mnaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya maandishi kabla matengenezo hayajakamilika. Unarudishiwa kodi ya siku zilizobaki tangu ulipohama, pamoja na amana yako kwa utaratibu wa kawaida. Ikiwa imeharibika sehemu tu, punguzo la kodi lipo kwa mujibu wa sheria, lakini linapitia mahakamani, isipokuwa mkielewana kwa maandishi. Usiache kulipa kimyakimya ukidhani ukuta wenye kuvu unakutetea. Watu wamefukuzwa hivyo. Andika barua, piga picha, baki na nakala.

*Mama Mkalimani, nina nyumba New Orleans, niliinunua kwa jasho la zamu za usiku. Kila kimbunga nasikia Washington imetoa mabilioni. Mwaka hata mwaka. Mabilioni hayo huenda wapi? Na mimi nikiharibikiwa yatanijengea nyumba?*
*Mwenye nyumba, Louisiana*

Hongera kwa nyumba, kaka. Swali lako ndilo ningependa kila mwenye hati ya nyumba aliulize.

Fungu kubwa la mwanzo haliji kwa watu. Linaenda kwa miji na kaunti, na kwenu Louisiana kwa parishi, kwa ajili ya kuzoa kifusi, kujenga upya barabara, shule na mitambo ya maji. Serikali kuu hulipa angalau asilimia 75 ya gharama hizo. Ni kazi ya lazima, lakini haitakuezekea paa.

Linalokufikia wewe lina mpangilio. Bima yako kwanza. Kisha FEMA, ambayo haikusudii kukurudisha ulipokuwa. Inakusudia nyumba iwe salama kukalika, basi. Kisha mikopo ya SBA, na hapa watu wengi hukosea kwa sababu ya jina. SBA ni shirika la biashara ndogo, lakini baada ya maafa ndilo hukopesha wenye nyumba wa kawaida, mpaka dola 500,000 kwa nyumba unayoishi na 100,000 kwa vyombo. Malipo ya kwanza husubiri mwaka mmoja, na unaweza kuomba nyongeza mpaka asilimia 20 kwa ajili ya kuimarisha nyumba dhidi ya kimbunga kijacho. Huo ni deni halisi. Usisaini ukiwa na hasira wala usingizi.

Mabilioni unayoyasikia redioni mara nyingi ni fungu la mwisho, lile linalopitia Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Hili halina sheria ya kudumu. Kila baada ya maafa Bunge la Marekani lazima likae na kulipigia kura, ndipo wizara itoe masharti, jimbo liandike mpango, mpango usomwe na wananchi, uidhinishwe, na ofisi iajiri watu. Kuna familia za Harvey ambazo watoto walianza darasa la kwanza nyumba ikiwa na turubai, wakafika darasa la nne turubai lingalipo.

Hata likifika, kanuni ya kugawa ndiyo inayoamua. Wewe uko New Orleans, kwa hiyo waulize majirani wazee kuhusu Road Home, mpango wa Louisiana baada ya Katrina. Ulikuwa na kikomo cha dola 150,000. Fidia ilipigwa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au kwa gharama ya kuijenga, ile iliyo ndogo. Fikiri mwenyewe: nyumba mbili za ukubwa mmoja, mbao zilezile, misumari ileile, moja mtaa wa Weusi na nyingine mtaa wa Weupe. Gharama ya kujenga ni sawa, lakini soko limeipa ya kwanza bei ya chini, basi mwenye hiyo akapewa kidogo. Walishtaki mwaka 2008, na mwaka 2011 yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 62. Wakati huo wengi walikwisha kuhama. Hili linanikera mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyehitaji kumchukia mtu ili litokee. Ilitosha mstari mmoja katika mpango ambao watu wa mitaa ile hawakuusoma.

Ndiyo maana nakuomba ufanye jambo ambalo halina msisimko wowote. Jimbo lako likitangaza mpango wa fedha za wizara hiyo, linalazimika kupokea maoni ya umma kabla ya kuanza kuzitumia. Nenda. Andika hata aya moja. Uliza fidia inapigwaje, na kama wapangaji wamo. Uliza asilimia ngapi ni kwa wenye kipato cha chini na cha wastani. Kwa kawaida masharti hutaka 70.

Kuhusu paa lako, usingoje. Louisiana ina ruzuku ya mpaka dola 10,000 ya kuezeka paa kwa kiwango cha kuhimili kimbunga kiitwacho FORTIFIED, na wanaopata huchaguliwa kwa kura ya bahati, kwa hiyo jiandikishe kila dirisha likifunguliwa. Alabama walitangulia na mpango kama huo. Uchunguzi wa taasisi ya taifa ya sayansi ya majengo uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kila dola moja ya ruzuku za serikali kuu za kupunguza madhara huokoa dola sita za hasara. Florida walijifunza mapema zaidi: kimbunga Andrew kilipofagia Homestead mwaka 1992, waliandika upya kanuni za ujenzi za jimbo zima.

*Salaam katika Bwana, Mama Mkalimani. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Houston, tuna kaya kama 80. Tuna kamati ya misiba: mtu akifiwa, kwa siku mbili mchango umekamilika na chakula kimepikwa. Lakini Beryl ilipokata umeme Julai, hatukujua nani yuko wapi. Bibi mmoja mwenye mashine ya oksijeni alikaa na mjukuu ghorofa ya tatu siku mbili bila msaada, mpaka jirani Mmeksiko akamshusha kwenye gari lake. Tumeaibika. Tuanzie wapi?*
*Mzee wa kanisa, Houston*

Shikamoo, Mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Anzieni kwenye kamati ya misiba. Sitanii. Ina mweka hazina anayeaminika, ina wanawake wanaojua kupikia watu mia, ina namba za simu za kila mtu. Inayopungukiwa ni orodha ya walio hai. Andikeni orodha hiyo kwenye karatasi, kwa sababu siku ya tatu bila umeme simu zimekufa. Kila kaya: iko jengo gani, ghorofa ya ngapi, nani ana mashine inayotumia umeme, nani ana insulini kwenye friji, nani ni mjamzito, nani ana gari na nani hana. Kisha zigaweni kaya hizo 80 kama tulivyokuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Mabalozi wanane. Kazi ya balozi ni moja tu: kabla ya kimbunga na baada yake, agonge milango yake kumi kwa mkono wake, alete jibu kanisani.

Bibi wa oksijeni aandikishwe STEAR, daftari la Texas la watu wanaohitaji msaada wakati wa dharura. Mnapiga 2-1-1, na mnaomba mkalimani. Rudieni kila mwaka. Lakini daftari hilo haliahidi kwamba gari litakuja, na wao wenyewe wanasema hivyo. Linawasaidia wapangaji wa dharura kujua yuko wapi. Atakayepanda ngazi ni balozi, kwa hiyo muwe mmekubaliana mapema nani anabeba mashine na nani anambeba bibi.

Chagueni vijana kumi wapate mafunzo ya CERT, vikosi vya wananchi vya dharura. Ni kama saa 20, kwa kawaida bure: kuzima moto mdogo, huduma ya kwanza, kutafuta watu kwa usalama, kufanya kazi kwa zamu. Mpango huu ulianzia kwa wazima moto wa Los Angeles mwaka 1985. Kijana mwenye fulana ile ya kijani anasikilizwa na polisi tofauti na kijana mwenye kelele tu. Msiwapeleke wavulana peke yao.

Fundisheni mambo mawili kwa Kiswahili, madhabahuni, bila haya. La kwanza ni jenereta. Ikae nje, si chini ya futi 20 kutoka kwenye mlango au dirisha, wala isiwekwe kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi. Baada ya Beryl wapo waliokufa kwa gesi yake ya sumu isiyo na harufu. Na wengine waliuawa na joto, maana wateja zaidi ya milioni mbili walikuwa gizani katika joto la Julai. Kanisa likipata jenereta kubwa na viyoyozi viwili tu, lina mahali pa kuwapoza wazee mchana.

La pili ni namba za vimbunga. Watu wetu wakisikia "Category 1" wanabaki kitandani. Namba ile hupima upepo peke yake. Haisemi chochote juu ya maji, na katika miaka 50 kuanzia 1963, karibu tisa kati ya kila kumi waliouawa na vimbunga hapa Marekani waliuawa na maji. Beryl yenyewe ilipotua Texas ilikuwa Category 1. Helene iliua watu kwenye milima ya North Carolina, mbali sana na bahari, mahali ambapo karibu hakuna aliyekuwa na bima ya mafuriko.

Kisha tengeni Jumapili moja ya Aprili, baada ya ibada, iwe siku ya karatasi. Kila kaya ije na hati za uhamiaji, mkataba wa nyumba, bima, kadi za Social Security, vyeti vya kuzaliwa. Kijana mmoja apige picha, kila mtu ahifadhi zake kwenye simu yake na kwenye simu ya ndugu yake aliye jimbo jingine, halisi ziingie mfuko wa plastiki wenye zipu. Mwende nyumbani jioni hiyohiyo, mpige picha kila chumba, mfungue makabati. Mimi nilikuwa na kitanda kipya cha mbao mwaka 2017 na sikuwa na kitu cha kuonyesha kwamba kiliwahi kuwapo.

Mwambieni wakala mmoja wa bima aje siku hiyo na fomu zake. Na mtenge fungu dogo katika mfuko wa misiba, la mafuta ya gari na vyumba vya hoteli vya usiku mbili, kwa sababu watu wengi wanaokaidi kuhama hawakaidi; hawana hela ya kwenda San Antonio.

Ukishapanga tarehe, Mzee, niandikie. Nitakuja na meza yangu na mashine ya nakala, na ningependa kukaa karibu na yule bibi tumjazie fomu ya STEAR wa kwanza.